Kunyamazisha jeni ya mbu bila kugusa jeni za jirani

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye maabara ndogo hapa Mombasa: vizimba viwili vitatu vya mbu Aedes aegypti, mashine ya PCR (ya kuzidisha vipande vya DNA), na friza ya kuaminika kiasi. Unataka kujua jeni fulani ina kazi gani mwilini mwa mbu huyu, ambaye ndiye anayetusambazia dengi na chikungunya. Njia nyepesi ni kumdunga mbu RNA ya nyuzi mbili inayofanana na jeni hiyo, kuizima kwa siku chache, kisha uangalie kinachoharibika. Kuizima kwenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Kinachokula wiki ni kuhakikisha kwamba umezima hiyo tu, na maelezo mengi hapa yameelekea huko.

Kinachotokea ndani ya seli

Jeni ikinukuliwa hutoa RNA mjumbe, uzi mmoja unaokwenda kusomwa ili protini itengenezwe. RNA ya nyuzi mbili ndefu si mgeni wa kawaida ndani ya seli. Mara nyingi ni dalili kwamba virusi vimeingia. Mbu ana kimeng'enya cha kumshughulikia mgeni huyo, Dicer-2, kinachomkata vipande vya herufi 21 (herufi ni viungo A, C, G na U vinavyounda uzi wa RNA). Kila kipande hukabidhiwa protini iitwayo Ago2. Uzi mmoja wa kipande hutupwa, wa pili hubaki kama kielelezo. Ago2 ikikutana na RNA mjumbe inayooana na kielelezo hicho, huikata mkabala na pale herufi ya 10 na ya 11 za kielelezo zinapopakana. Iliyokatwa haisomwi tena, na Ago2 hiyo hiyo huenda kutafuta nyingine.

Andrew Fire na Craig Mello ndio walioonyesha mwaka 1998, kwa mnyoo Caenorhabditis elegans, kwamba ni nyuzi mbili zinazofanya kazi hii, na mwaka 2006 wakapata Tuzo ya Nobel. Lakini usimfananishe mbu na mnyoo. Mnyoo ana kimeng'enya cha kuizidisha RNA hiyo na kuisambaza mwilini. Mbu hana. Dozi uliyomdunga ndiyo aliyonayo, na kila siku inapungua.

Mambo mawili yashike tangu sasa. Kwanza, unachokata ni RNA mjumbe. Protini iliyokwisha kutengenezwa inabaki mpaka iishe yenyewe, na nyingine hukaa siku nyingi. Pili, Ago2 haijui jina la jeni. Inajua herufi tu. Jeni yoyote yenye herufi hizo, iwe umeilenga au hujapata hata kuisikia, itakatwa.

Kuchagua kipande

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, na ndipo ni rahisi kuyaepuka, kwa sababu bado hujatumia hata shilingi.

Chukua mfuatano wa jeni yako kutoka hifadhidata ya VectorBase, jenomu (DNA nzima ya mbu iliyosomwa) AaegL5 ya mwaka 2018. Tafuta eneo la herufi 300 hadi 500. Chini ya 200 nguvu hupungua. Zaidi ya 600 unajitafutia majirani bila faida. Kipande cha herufi 500 kina maneno 480 ya herufi 21, na Dicer-2 inaweza kutoa lolote kati ya hayo. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kuna neno hata moja kati ya 480 linaloonekana kwenye jeni nyingine?

Usilijibu kwa utafutaji wa kawaida wa kufananisha mifuatano. Programu hizo huripoti kufanana kwa jumla, na mfanano mfupi wa herufi 20 ulio kamili unaweza kuachwa nje kwa kuonekana hauna maana. Kwa Ago2 una maana kubwa. Punguza urefu wa neno la kuanzia utafutaji hadi 7 au 11, legeza kizingiti cha matokeo, na utafute kwenye RNA mjumbe zote za mbu pamoja na ncha zake zisizotafsiriwa, yaani zisizotengeneza protini. Au katakata kipande chako mwenyewe kwa programu fupi ya lugha ya Python, maneno yote ya herufi 19, ulinganishe moja moja. Kanuni ya kutumia: ukikuta herufi 19 mfululizo zinazooana kabisa na jeni nyingine, hamisha kipande. Ukikuta 17 au 18, iandike jeni hiyo pembeni, utaipima baadaye. Tazama pia marudio ya herufi tatu tatu ya mtindo wa CAA-CAG-CAC. Kwa nzi wa matunda, vipande vyenye marudio hayo vilizima jeni nyingi ambazo hazikulengwa, na jenomu ya mbu nayo imejaa marudio.

Jeni ndugu ni taabu ya peke yake. Vitelojenini, protini ya kiini cha yai, ina jeni kadhaa zinazofanana mno. Ukilenga katikati ya moja utazigusa zote. Hilo huenda likawa ndilo unalotaka, lakini basi usiandike kwamba umezima moja. Ukitaka moja tu, jaribu ncha ya mwisho isiyotafsiriwa. Ndugu hutofautiana zaidi hapo kuliko kwenye sehemu inayotengeneza protini.

Kisha kuna suala la mbu wa kwetu. Jenomu ya AaegL5 ni ya mbu wa maabara, ukoo wa Liverpool. Wako umewatoa kwenye matairi ya Kongowea au mapipa ya Likoni, na Pwani ina mchanganyiko wa ajabu. Rabai, mwendo mfupi kutoka hapa, mbu wa nyumbani na mbu wa msituni wa spishi hii hii wameishi karibu karibu, na watafiti waliwatumia katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014 kuonyesha kwamba kupenda harufu ya binadamu kunahusiana na jeni moja ya kunusa, Or4. Basi usidhani mfuatano wa kwenye kompyuta ndio ulio kwenye kizimba chako. Toa kipande kwa PCR kutoka mbu wako, kipeleke kikasomwe herufi, ndipo uendelee. Herufi mbili tatu zilizobadilika hazikiui kipande cha 500, ila zikiangukia kwenye praima za kupimia (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) zitakudanganya vibaya.

Mwisho wa hatua hii unapaswa kuwa na vipande viwili vya jeni moja visivyogusana hata kwa herufi. Tuviite K1 na K2. Usivione kama anasa. Kinga yako yote imesimama juu yavyo.

Kutengeneza RNA

Kila praima iongezewe mbele kianzio cha T7, mahali ambapo kimeng'enya cha kunukuu RNA huanzia: TAATACGACTCACTATAGGG. Praima zote mbili, maana unataka nyuzi zote mbili zinukuliwe. Fanya PCR, pitisha kwenye jeli uone mstari mmoja safi, safisha. Mistari miwili maana yake ni RNA mbili, na ya pili hujui itazima nini.

Tumia takriban mikrogramu 1 ya kiolezo, yaani DNA hiyo ya PCR, kwenye mchanganyiko wa kunukuu wa mikrolita 20, nyuzijoto 37, saa 4 hadi usiku mzima. Ongeza kimeng'enya cha kula DNA kwa dakika 15. Kisha pasha hadi nyuzi 75 kwa dakika 5 na uache ipoe polepole mezani ili nyuzi zishikane. Ukiitumbukiza kwenye barafu hapo, nyuzi nyingi zitajikunja zenyewe badala ya kukutana. Safisha, na uyeyushe kwenye maji yasiyo na vimeng'enya vya kula RNA.

Pima wingi. Mashine nyingi zina chaguo la RNA linalotumia kigezo cha 40, cha uzi mmoja, lakini cha nyuzi mbili ni karibu 46, kwa hiyo usomaji utakuwa chini ya ukweli. Jambo dogo, ila liwe sawa kwa sampuli zote. Kisha jeli ya asilimia 1: unatafuta mstari mkali mmoja, unaotembea nyuma kidogo ya DNA ya urefu ule ule. Ukiona ukungu unaoteremka, RNA imeliwa au nyuzi hazikushikana. Usiidunge kwa matumaini.

Joto la kaskazi ni adui hapa. Jasho la kiganja limejaa vimeng'enya vya kula RNA, na glavu ikiloa kwa ndani mtu huivua, akafuta mkono, akashika pipeti. Badilisha glavu mara kwa mara na ufute meza kabla ya kuanza. Gawa RNA kwenye vichupa vya mikrolita 5 ili stima ikipotea na friza ikayeyuka usipoteze akiba yote, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu.

Kudunga

Tumia majike wa siku 1 hadi 4 tangu watoke kwenye pupa, waliokula sukari tu. Dume utamjua kwa vipapasio vyenye manyoya mengi.

Punguza RNA iwe mikrogramu 3 kwa mikrolita. Kwa Nanoject II, mashine ndogo ya kudunga, mapigo mawili ya nanolita 69 yanatoa nanolita 138, yaani nanogramu 414 kwa mbu. Baadhi hupandisha hadi 4; zaidi ya hapo maji huwa mazito, sindano huziba, na utadhani umedunga nanolita 138 kumbe nusu. Jaribu kabla ya kumgusa mbu: piga pigo moja juu ya karatasi ya nta na uangalie kitone. Kila baada ya mbu 10, rudia.

Jaza mafuta mepesi ya madini nyuma ya sindano ya kioo kabla ya kufyonza RNA. Povu moja likibaki kati ya mafuta na RNA, hubonyea badala ya kusukuma.

Poza mbu kwenye barafu mpaka watulie, kisha wahamishie kwenye sahani baridi, wasizidi 20 kwa mara moja. Hewa ya Mombasa humwaga umande juu ya sahani hiyo ndani ya dakika chache. Bawa likilowa na kunata, mbu huyo ataamka akizunguka kama pia na kesho atakuwa amekufa. RNA yako haina hatia. Tandika karatasi kavu ya kunyonya maji juu ya sahani na uibadilishe kila kundi.

Dunga ubavuni mwa kifua, kwenye ngozi laini kati ya magamba. Ukifanikiwa utaona tumbo likituna kidogo. Ukiona kitone kikirudi nje, mbu huyo mtoe, usimhesabu.

Mpangilio wa kudunga una siri yake. Wengi hudunga kundi la ulinganifu (wanaopewa RNA isiyolenga jeni yoyote ya mbu) lote kwanza, kisha K1, kisha K2. Kufikia K2 sindano imekuwa butu na mkono umechoka, basi K2 itaua mbu wengi na utaandika kwamba jeni ni ya lazima kwa uhai. Zungusha: 10 wa ulinganifu, 10 wa K1, 10 wa K2, rudia, ukibadilisha sindano katikati. Lenga majike 40 hadi 50 kwa kila kundi, na jaribio zima lirudiwe mara tatu kwa mbu wa mayai tofauti.

Waweke nyuzijoto 27 au 28, unyevu asilimia 70 hadi 80, pamba yenye sukari ya asilimia 10. Ukiwasha AC ili kushusha joto, inakausha hewa. Funika kizimba kwa taulo mbichi. Wanaokufa ndani ya saa 24 wamekufa kwa jeraha. Waondoe kwenye hesabu, lakini kwa makundi yote kwa kanuni moja, na idadi yao uiandike.

Makundi ya ulinganifu

Unahitaji makundi haya. Mbu waliodungwa RNA ya jeni ambayo hawana, kwa kawaida ile ya protini ya kijani ya kiwavi-bahari, yenye urefu ule ule na dozi ile ile. Mbu waliodungwa bafa tupu, yaani kimiminika cha kuyeyushia kisicho na RNA. Mbu wasioguswa. Na kama wewe ni mgeni wa kazi hii, kundi la nne: RNA inayolenga jeni ya IAP1, ambayo huzuia seli zisijiue. Ikizimwa, mbu hufa. Wasipokufa, shida ni mkono wako au RNA yako, na hakuna haja ya kuhangaika na jeni nyingine.

Kundi la bafa watu hulirukaruka. Msilirukeruke kama kazi yenu inahusu virusi. RNA ya nyuzi mbili, hata ya kijani isiyolenga kitu, inaamsha kinga ya mbu dhidi ya virusi, kwa kuwa Dicer-2 ni mlinzi kabla hajawa chombo cha maabara. Dozi kubwa nayo inaweza kuishughulisha mashine hiyo kiasi kwamba virusi vinapata nafasi. Ukilinganisha K1 na kijani peke yake hutaliona hilo, kwani yote mawili yameathirika sawa.

Kupima

Siku ya 2 hadi ya 4, chukua mbu 8 kutoka kila kundi na umpime kila mmoja peke yake. Ukiwasaga pamoja, mbu watano waliozimika kabisa na watatu uliowakosa watakupa wastani unaopendeza usio na maana.

Praima za kupimia ziwe nje ya kipande ulichodunga. Hili likivunjwa, mashine inanukuu RNA uliyoingiza wewe mwenyewe, na jeni uliyoizima inaonekana imepanda mara mia. Ukiona ongezeko la namna hiyo, angalia mahali pa praima kabla ya kuwaza nadharia mpya.

Linganisha na jeni ya ribosomu, RpS17 au RpS7, baada ya kuhakikisha kudunga hakuibadilishi. Tofauti ya mizunguko 2 ya PCR kati ya K1 na kijani, baada ya kurekebisha kwa RpS17, inamaanisha imebaki asilimia 25. Asilimia 30 au chini yake inatosha kuendelea. Ikibaki 60, tafuta sababu kwanza: RNA iliyoliwa, jeni iliyo kwenye kiungo kisichopokea vizuri, au jeni inayonukuliwa kwa kasi kuliko inavyokatwa. Seli za damu na tishu ya mafuta hupokea kwa urahisi. Tezi za mate zinahitaji dozi kubwa zaidi.

Sasa rudi kwa zile jeni ulizoziandika pembeni, zenye herufi 17 au 18 zinazooana, na jeni ndugu. Zipime kwenye sampuli hizo hizo. Gharama yake ni praima chache tu, na ndiyo sehemu ambayo msomaji makini wa kazi yako ataiulizia.

K1 na K2 zikigombana

K1 imepunguza mayai kwa nusu. K2 imezima jeni vile vile lakini mayai hayajabadilika. Kishawishi ni kuichapisha K1 na kuisahau K2. Usifanye hivyo. Kama jeni imezimika sawa kwa zote mbili na dalili imeonekana kwa moja, dalili hiyo haikutoka kwenye jeni yako. K1 imegusa kitu kingine. Tengeneza K3 sehemu ya tatu. Kabla ya hapo, hakikisha kweli zimezima sawa, na kwa siku ile ile uliyohesabu mayai, kwa sababu K2 inaweza kuwa imezima siku ya 2 na kuachia siku ya 5.

Jaribu pia nusu ya dozi. Dalili halisi hupungua pamoja na kiwango cha RNA mjumbe. Ikiwa jeni imerudi karibu kawaida lakini dalili imebaki palepale, shuku.

Kwa wanaofanya kazi na seli za binadamu

Sheria zinabadilika. RNA ya nyuzi mbili inayozidi herufi 30 huamsha intaferoni, protini za kinga dhidi ya virusi, na seli inazima utengenezaji wa protini kwa jumla. Kwa hiyo mnatumia vipande vilivyokwisha kukatwa, vya herufi 21. Hapo hatari kubwa ni herufi ya 2 hadi ya 8 za kielelezo: saba hizo pekee zikioana na ncha ya mwisho ya RNA mjumbe fulani, zinatosha kuishusha. Neno la herufi 7 hujitokeza kwa bahati mara moja katika kila herufi 16,384, basi kuliepuka kabisa haiwezekani. Kinachowezekana ni kupunguza. Anza na nanomola 5 hadi 10 badala ya 100; agiza kipande chenye kikundi cha methili kwenye herufi ya 2 ya kielelezo; tumia vipande viwili au zaidi, kila kimoja peke yake. Kipimo kizuri ni kubadilisha herufi ya 9, 10 na 11: kipande hicho hakikati tena jeni yako, lakini zile saba bado zipo. Dalili ikibaki, ilikuwa ya zile saba.

Vibali na kufunga kazi

Leseni ya utafiti hutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kamati ya usalama ya taasisi yako ipitie mpango. Kudunga RNA inayoisha baada ya siku chache ni tofauti na kuiweka RNA hiyo kwenye jenomu ili irithiwe, kama ilivyofanywa kwa muhogo wa aina ya 4046 uliojaribiwa Mtwapa dhidi ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kazi ya namna hiyo iko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, ambayo iliupa muhogo huo kibali cha kutoka kwenye mashamba ya majaribio mwaka 2021.

Siku ya mwisho hesabu mbu: waliodungwa, waliokufa, waliopimwa, waliobaki. Waliobaki waingie friza wakiwa ndani ya kizimba, usiku mzima, ndipo watupwe. Hesabu isipotimia, mlango wa chumba usifunguliwe. Tazama nyuma ya taulo, chini ya meza, na kwenye mikunjo ya shati lako.